Karatasi ya majibu ya saratani ya titi: herufi nne zinazoamua tiba, na askari wa mwili

Jumapili moja jioni mama yangu mdogo alivuka feri akaja kwangu Likoni, bahasha ya kaki ameikunja ndani ya leso. Hakuitoa mpaka watoto walipotoka kucheza. Akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa maabara, mwanangu. Nisomee. Daktari amesema ni saratani ya titi, hilo nimelisikia. Lakini hizi herufi ni za nini?"

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kupokea vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, kuvitayarisha na kuvitia rangi ili daktari wa patholojia avisome kwa hadubini. Herufi zile nimezishughulikia maelfu ya siku, lakini sikuwahi kukaa na mtu wa nyumbani kwetu nikamweleza maana yake. Haya ndiyo niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengine niliyolazimika kuyatafuta baadaye, kwa sababu karatasi yake, kama utakavyoona, haikuwa sawa.

Iliandikwa hivi: saratani ya titi, daraja la 1. ER hasi. PR hasi. HER2: 0. Ki-67: asilimia 10.

Jina moja, maradhi mengi

Tunaposema saratani ya titi twadhani ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Ni maradhi kadhaa yanayoanzia mahali pamoja. Wanawake wawili wa mtaa mmoja, wenye umri mmoja na uvimbe wa ukubwa mmoja, wanaweza kuhitaji tiba zisizofanana kabisa. Kinachowatofautisha hakionekani kwa macho wala hakishikiki kwa mkono. Kimo ndani ya seli za uvimbe: ni protini.

Na si jambo la watu wachache. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, wanawake wapatao 6,800 waligunduliwa na saratani ya titi hapa Kenya mwaka huo, na zaidi ya 3,000 walifariki kwayo. Ndiyo saratani inayowapata zaidi kina mama wetu. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache mno.

Baadhi ya protini za seli hufanya kazi kama mlango. Nje hupita ujumbe wa mwili, kama homoni, nao ukigonga mlango unaoufaa, seli hupokea amri: kua, jigawanye. Seli ya saratani ikiwa na milango mingi ya aina fulani, inaishi kwa kutegemea ujumbe huo. Ukiufunga mlango, umeinyima chakula. Lakini dawa ya kufunga mlango haina faida kwa seli isiyokuwa na mlango huo. Ndiyo sababu lazima kwanza uvimbe upimwe ijulikane una nini.

Kipande kinavyosafiri

Wengi wetu tukisikia daktari wa patholojia twawazia mochari na maiti. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ni kwa walio hai. Hakuna daktari anayeweza kuthibitisha saratani ya titi kwa kupapasa au kwa picha peke yake. Lazima kipande kidogo kitolewe, kwa kawaida kwa sindano nene, kipelekwe maabara.

Kikishatolewa hutiwa ndani ya fomalini, dawa inayozuia nyama kuoza na kuziweka protini zake zilivyo. Kisha hutolewa maji, hulowekwa katika nta iliyoyeyushwa, nayo ikiganda twapata kibonge kigumu. Kibonge hicho twakikata kwa kisu maalumu kuwa vipande vyembamba kuliko karatasi, twaviweka juu ya vioo na kuvitia rangi. Rangi ya kwanza, ya waridi na zambarau, humwonyesha daktari umbo la seli: je, ni saratani, na ni ya daraja gani? Daraja la 1 ni seli ambazo bado zinafanana na za kawaida na zinakua polepole. Daraja la 3 ni zile zilizovurugika na zinakua kwa kasi.

Baada ya hapo ndipo tunapotafuta protini. Twamwagia kingamwili iliyotengenezwa kunasa protini moja tu, isiyonasa nyingine. Ikiikuta, twaongeza kemikali inayogeuka rangi ya kahawia pale iliponata. Daktari akitazama, kahawia inamaanisha protini ipo. Ikibaki buluu, haipo, au haikuonekana. Hayo mawili si kitu kimoja, na nitayarudia.

ER na PR: milango ya homoni

ER ni kipokezi cha homoni ya estrojeni. PR ni cha homoni ya projesteroni. Zote mbili ni homoni za kike zinazozalishwa hasa na ovari.

Habari hii ina historia ndefu. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, George Beatson, aliandika jinsi alivyoondoa ovari za mwanamke aliyekuwa na saratani ya titi iliyosambaa, uvimbe ukanywea. Hakujua kwa nini. Jibu lilisubiri zaidi ya miaka sitini, mpaka Elwood Jensen na wenzake mjini Chicago walipoonyesha kwamba ndani ya baadhi ya seli mna protini inayokamata estrojeni. Penye protini hiyo, homoni ni chakula cha saratani.

Kisha ikaja tamoksifeni, kidonge kinachokaa kwenye mlango wa estrojeni na kuuziba. Uingereza iliidhinisha mwaka 1973, Marekani mwaka 1977, na leo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Si ghali ukilinganisha na dawa nyingine za saratani. Mwenye ER chanya akiimeza kwa miaka mitano, hatari ya kufa kwa saratani hiyo katika miaka 15 hupungua kwa karibu theluthi moja. Mwenye ER hasi hapati faida hiyo hata akimeza maisha. Kwa waliokwisha koma hedhi, madaktari mara nyingi hutumia dawa za namna nyingine, kama anastrozoli na letrozoli, zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni.

Kwenye karatasi utaona asilimia. Kwa kanuni zinazofuatwa na maabara nyingi duniani, viini vya seli za saratani vikipata rangi kuanzia asilimia 1, huhesabiwa ER chanya, ingawa kati ya 1 na 10 huandikwa kuwa ni chanya ya chini, na daktari huipima kwa uangalifu. Kwa hiyo neno "chanya" au "hasi" peke yake halitoshi. Uliza ni asilimia ngapi.

HER2: mlango uliozidi

HER2 ni protini iliyo juu ya ngozi ya seli. Seli za kawaida zinayo kidogo. Kwa wastani wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100 wana uvimbe ambao seli zake zimejaza HER2 kupita kiasi, nazo hukua kwa kasi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo walikuwa na hali mbaya zaidi. Zamani ukiambiwa HER2 chanya ilikuwa habari ya kutisha. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, ambayo hunasa mlango huo na pia huwaita askari wa kinga ya mwili waishambulie seli. Habari ikageuka.

Alama zake ni 0, 1+, 2+ na 3+. Alama ya 3+ ni chanya. Ya 2+ ni shaka: lazima kifanyike kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni, na mgonjwa asikubali kuachwa hapo katikati. 0 na 1+ zamani zote ziliitwa hasi basi. Lakini tangu mwaka 2022 kuna dawa mpya zaidi, trastuzumabu derukstekani, iliyoonyesha faida kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani iliyosambaa wenye 1+, au 2+ ambayo jeni haikuzidi. Kwa hiyo hata alama ndogo ina thamani yake.

Trastuzumabu hutolewa mara nyingi kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na moyo hupimwa kabla na wakati wa tiba kwa sababu inaweza kuudhoofisha. Bei yake ndiyo iliyowavunja moyo wengi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ya kuishusha, gharama zilipwe na SHA. Mwenye HER2 chanya aulize dawati la SHA la hospitali anakotibiwa mpango huo unapatikanaje.

Ki-67: kasi ya ukuaji

Ki-67 si mlango. Ni protini inayoonekana tu wakati seli iko katika harakati za kujigawanya. "Ki" ni kifupi cha Kiel, mji wa Ujerumani ilikogunduliwa, na 67 ni nambari ya kishimo cha sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ilipatikana. Asilimia 10 maana yake seli kumi katika mia ziko mbioni. Asilimia 70 ni uvimbe wenye haraka. Maabara hutofautiana katika kuihesabu, kwa hiyo haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na daraja na zile herufi nyingine.

Hasi zote tatu, na askari walioingia ndani

ER hasi, PR hasi, HER2 hasi: hii ndiyo saratani ya hasi tatu. Haina mlango tunaoujua wa kufunga. Kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa upasuaji, kemo na mionzi tu. Mara nyingi huwapata wanawake wenye umri mdogo zaidi, na huwa ya daraja la juu.

Lakini hapa ndipo kinga ya mwili inapoingia. Katika kazi yangu nimeona vioo vingi ambavyo baina ya mashada ya seli za saratani pametapakaa vidoto vya zambarau iliyokoza, mamia kwa mamia. Hizo ni limfosaiti, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Wametoka kwenye damu, wakaingia ndani ya uvimbe. Zamani tuliwatazama tukapita. Leo wataalamu wanawahesabu: ni asilimia ngapi ya eneo lililo baina ya seli za saratani limejaa askari hao?

Hesabu hiyo ina maana kubwa zaidi kwa saratani ya hasi tatu, na kwa kiasi fulani kwa ya HER2. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,966 wa hasi tatu waliokuwa wamefanyiwa upasuaji, wengine na mionzi, bila kemo. Miongoni mwa waliokuwa hatua ya kwanza, wale ambao askari walijaza nusu ya eneo au zaidi, 94 katika kila 100 walikuwa hai bila saratani kusambaa mbali baada ya miaka mitano. Wale waliokuwa na askari chini ya asilimia 30 walikuwa 78. Huo si ushauri wa kukataa kemo. Majaribio ya kuona nani anaweza kuikosa kwa usalama bado ni kazi ya watafiti. Unachotuonyesha ni kwamba mwili hupigana, na vita hivyo vinaonekana kwenye kioo.

Askari nao si wa aina moja. Kuna wale wanaobeba alama ya CD8, ambao huua seli moja kwa moja. Kuna wengine wenye alama ya FOXP3, ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao vita visizidi. Saratani hupenda hawa wa pili.

PD-L1: breki

Basi kama askari wameingia, mbona hawamalizi kazi? Jibu moja ni PD-L1. Askari wa CD8 ana juu yake kitufe kiitwacho PD-1, breki ya kumzuia asiushambulie mwili wake mwenyewe. Seli ya saratani inaweza kutoa protini ya PD-L1, ikaibonyeza breki hiyo. Askari husimama pale pale, silaha mkononi, asifanye kitu. Tasuku Honjo wa Japani, ambaye maabara yake iligundua PD-1 mwaka 1992, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani, aliyefanya kazi juu ya breki nyingine.

Dawa kama pembrolizumabu huziba breki hiyo, askari akaendelea na kazi. Kwa saratani ya hasi tatu iliyosambaa, hutolewa pamoja na kemo ikiwa alama ya PD-L1 iitwayo CPS ni 10 au zaidi. CPS huhesabu seli za saratani na za kinga zilizopata rangi, ikilinganisha na seli zote za saratani zilizo hai. Mwaka 2021 Marekani iliiruhusu pia kwa hasi tatu ya mapema yenye hatari kubwa, bila kujali PD-L1, kutolewa pamoja na kemo kabla ya upasuaji na kuendelea baadaye. Ni dawa ghali mno kwa mkaazi wa kawaida wa Pwani, na askari waliofunguliwa breki wanaweza kuugeukia mwili wenyewe: dundumio, mapafu, ini, utumbo. Na si kila jaribio hufaulu. Dawa nyingine ya jamii hiyo, atezolizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa ugonjwa huu, ikaondolewa mwaka 2021 kwa sababu utafiti uliofuata haukuthibitisha faida.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu mitaani kwetu wauzaji wa "dawa za kuongeza kinga" wamekuwa wengi. Mgonjwa akisikia kinga inapigana na saratani, huambiwa anunue chupa ya kuiongezea nguvu. Lakini tatizo si kwamba askari ni wachovu. Wameshikwa breki, na breki hiyo haifunguki kwa chupa. Wengine hupoteza miezi mitatu, minne, wakirudi hospitali uvimbe umeshapasuka ngozi.

Sisi Waafrika je?

Kuna dhana kwamba saratani ya titi ya Mwafrika daima ni ya hasi tatu, kwa hiyo hakuna haja ya kupima. Si kweli. Profesa Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa zaidi ya wagonjwa 300 kutoka hospitali mbalimbali za Kenya, vipande vyao vikiwa vimetunzwa na kupimwa kwa utaratibu mmoja. Zaidi ya saba katika kumi walikuwa ER chanya. Hasi tatu walikuwa karibu mmoja katika watano. Maana yake, wengi wa kina mama wetu wana mlango unaozibika kwa kidonge.

Hata hivyo, zipo tofauti zinazostahili kuchunguzwa. Wengi wetu kusini mwa Sahara hatuna protini ya Duffy juu ya chembe nyekundu za damu, na ndiyo sababu malaria ya aina ya vivax hushindwa kutuingia kwa urahisi. Protini hiyo, iitwayo pia ACKR1, hushika ishara za kemikali zinazowaita askari wa kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kiwango chake ndani ya uvimbe wa titi kinaendana na wingi wa chembe za kinga zilizoingia humo, na pia na asili ya Kiafrika. Bado hilo haliamui tiba ya mtu yeyote. Lakini linatuambia kwamba majibu ya wagonjwa wa Ulaya hayatoshi kutueleza sisi, na kwamba vipande vya kina mama wa Kilifi, Kwale na Lamu vina haki ya kuwemo katika utafiti.

Karatasi ya mama mdogo

Sasa nirudi kwenye ile bahasha. Mama mdogo alikuwa na miaka 46. Kwa majibu yale, alikuwa wa hasi tatu, na alishaambiwa vidonge havitamfaa.

Kitu kimoja kilinikera. Daraja la 1, Ki-67 asilimia 10, uvimbe wa polepole, halafu hasi zote tatu? Hutokea, lakini ni nadra sana. Uvimbe mtulivu wa namna hiyo karibu daima huwa ER chanya. Tena karatasi haikutaja tishu ya kawaida. Ndani ya kipande cha titi mara nyingi hubaki mirija mizima isiyo na saratani, na baadhi ya seli zake lazima zipate rangi ya kahawia katika kipimo cha ER. Zikikosa rangi, kipimo kimeshindwa. Hapo hakuna "hasi". Hapo hakuna jibu.

Nilimuuliza, "Mama mdogo, uvimbe ulipotolewa uliwekwa wapi?"

Akafikiri. "Kwenye kikopo. Nilipewa mimi mwenyewe nikipeleke. Ilikuwa Ijumaa, nikakuta wamefunga. Nikakiweka nyumbani mpaka Jumatatu."

"Dawa iliufunika?"

"Nusu. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko kikopo."

Nikaelewa. Fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, na inatakiwa iwe nyingi, yapata mara kumi ya ukubwa wa kipande. Uvimbe mzima usiopasuliwa, uliofunikwa nusu, huanza kuoza katikati. Protini za vipokezi huharibika. Kanuni ni kwamba kipande kitiwe fomalini ndani ya saa moja tangu kutolewa, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Cha kwake kilivunja kanuni zote. Hospitali siitaji, maana jambo hili hutokea kwingi, na hata mikononi mwa watu wema wenye kazi nyingi.

Alimrudia daktari wake na kumwomba kwa adabu kioo kitazamwe tena. Daktari wa patholojia alikubali: mirija ya kawaida haikuwa na rangi. Na kwa kuwa kingo za uvimbe zilionyesha saratani imebaki, upasuaji wa pili ulikuwa unahitajika hata hivyo. Safari hii kipande kilipasuliwa na kutiwa fomalini pale pale chumba cha upasuaji, kikapelekwa Nairobi siku iliyofuata. Majibu: ER chanya, asilimia 90. PR chanya, asilimia 60. HER2: 1+.

Uvimbe ulikuwa ule ule tangu mwanzo. Tulichokuwa tumekosa ni kuuona.

Uliza haya

Ukipewa habari hii, wewe au mtu wako, beba daftari uulize:

- Je, kipande kitapimwa ER, PR na HER2? Usianze tiba bila kumuuliza daktari kama majibu hayo yamefika.
- Kinatiwa fomalini saa ngapi, na nani anakipeleka maabara? Ukiambiwa ukipeleke mwenyewe, kipeleke siku hiyo hiyo, kiwe kimefunikwa chote, na saa ya kutolewa iandikwe kwenye chombo.
- ER na PR ni asilimia ngapi? Tishu ya kawaida ilipata rangi?
- HER2 ni alama gani? Kama ni 2+, kipimo cha jeni kitafanyika lini na wapi?
- Kama ni hasi tatu, je, majibu yanalingana na daraja la uvimbe? Je, askari wa kinga wamehesabiwa, na kuna haja ya PD-L1?
- Kibonge cha nta kimehifadhiwa wapi? Kinaweza kupimwa tena hata baada ya miaka.
- Nipe nakala ya karatasi. Usikubali kuondoka na maneno ya mdomo tu.

Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Yanamsaidia.

Mama mdogo alimaliza mionzi, akaanza tamoksifeni. Sasa yuko mwaka wa tatu. Analalamika joto la ghafla usiku, na ameambiwa akiona damu yoyote isiyo ya kawaida ukeni, au mguu ukimvimba na kumuuma, asingoje kliniki. Kila asubuhi humeza kidonge na chai. Bahasha yake ya kaki bado anayo, ndani yake karatasi mbili: ya kwanza na ya pili. Akienda kwenye chama chao cha kina mama huzitoa zote mbili, akaziweka kando kando juu ya mkeka, akawaonyesha kwa kidole pale palipoandikwa ER.